Koti Lenye Mawaridi ya Karatasi

King'ora cha kutoka kazini kilipolia, wanawake wote wa chumba cha taa waliinuka isipokuwa Hetty Tranter. Alibaki kwenye stuli yake akijifanya anasugua grisi kwenye kucha. Ukweli ni kwamba aliogopa kwenda kuliona koti lake.

Kesho yake alikuwa anaolewa. Na pale kiwandani, kama ilivyokuwa katika viwanda vingi vya Birmingham, mwanamke akishaolewa kazi hana tena. Anarudi jikoni kwa mumewe na stuli yake inapewa mwingine. Kwa hiyo Ijumaa ya mwisho ndiyo harusi ya wenzake. Huliiba koti lake mchana, wakalijaza mawaridi ya karatasi, tepe za rangi, na vifuniko vya taa mbovu vinavyogongana kama njuga. Jioni humvika, wakamtoa getini kwa nyimbo, mtaa mzima umtazame. Hetty alikuwa akiyaota mawaridi hayo tangu enzi za kuvaa viatu alivyoachiwa na kaka yake. Wapo wanawake mtaani kwao, Small Heath, waliokwisha kusahau rangi ya gauni lao la harusi, lakini ukiwauliza habari za koti watakueleza hadi utepe wa mwisho.

Koti likiachwa tupu, nalo mtaa mzima hulitazama.

Na la Hetty lingekosaje kuwa tupu, wakati tangu baridi ilipoingia hakuna mwanamke aliyemsemesha?

Hawakumtukana wala hawakumgusa. Walimnyamazia tu. Akisema habari za asubuhi, asubuhi ilibaki yake peke yake. Akiomba koleo, koleo lilisukumwa mezani na mkono usio na uso. Wakati wa chai walijibana kwenye benchi mpaka pasiwe na nafasi, wakala mkate wao na mafuta ya nyama huku wakicheka mambo ambayo hakuna aliyemrudia. Aliyemuumiza kuliko wote alikuwa Nance Gumbley. Wawili hao walizaliwa ua mmoja, wakachota maji bomba moja, wakaugua surua kitanda kimoja. Nance ndiye aliyeapa, wakiwa wadogo, kwamba mawaridi ya koti la Hetty atayakata yeye na si mtu mwingine.

Yote hayo yaliharibika kwa sababu ya tabasamu moja.

Cyril Venables aliletwa kiwandani wakati majani ya miti yalipokuwa yakipukutika. Alikuwa kijana mwembamba, nywele amezilaza kwa maji, amevaa koti la kahawia la watu wa ofisini, na mkononi ana saa ya kupimia kazi, ile inayoanza na kusimama kwa kidole gumba. Alichoajiriwa kufanya ni kusimama nyuma ya mwanamke mmoja, kumpima anavyounganisha taa ya baiskeli, kisha kwenda kuwaambia wakubwa. Wanawake nao, tangu enzi za bibi zao, wanajua la kufanya mwenye saa akija. Mikono inakuwa mizito. Bisibisi inaanguka. Waya unakataa kuingia tunduni. Si uvivu, ni akiba ya watu wasio na akiba nyingine. Florrie Gumbley, mama yake Nance, mjane aliyekuwa kwenye mashine ya kukatia bati, ndiye aliyemfundisha Hetty siku yake ya kwanza kazini.

"Mwenye saa akisimama nyuma yako, mwanangu," alimwambia, "fanya kazi kama unamvisha nguo mtoto aliyelala."

Hetty aliyajua hayo, tena alikusudia kuyafuata. Lakini Cyril alipoinama nyuma yake, harufu ya sabuni ya kunyolea ilimfikia kwanza. Kisha akamwona ndani ya kioo cha taa aliyokuwa ameishika, uso mdogo kama wa picha ya kwenye kidani, na kutoka ndani ya kioo kile akamtabasamia. Mikono ya Hetty haikungoja ruhusa. Waya uliingia, skrubu ikazunguka, taa ikakamilika, nyingine ikafuata. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Hetty yalitokea vidoleni.

Jumatatu iliyofuata mwendo wake ulitangazwa kuwa mwendo wa wote, na atakayeshindwa aage. Taa zikienda mbio, na bati nalo lazima likimbie. Florrie, ambaye miaka yote alikuwa akiilisha mashine yake polepole kama anayemlisha mgonjwa, alianza kuilisha kwa pupa. Mashine haijui bati wala mkono. Ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole cha mwisho na jirani yake.

Hapo ndipo chumba cha taa kilipogoma. Vyumba vingine vikafuata, mpaka barabara ikajaa maelfu ya wanawake wenye aproni, wameshikana mikono. Wakubwa walidhani njaa itawarudisha, na njaa haikuwarudisha. Wiki haikutimia, saa zikaondolewa na mwendo wa zamani ukarejeshwa. Hetty naye aligoma. Alitembea nyuma kabisa ya wenzake, na hakuna aliyemshika mkono. Mwendo ulirudi, lakini vidole havikurudi, na Nance hakusahau mwendo ule ulikuwa wa nani.

Katika kimya hicho ilibaki sauti moja tu. Cyril alikuwa akimngoja jioni kwenye daraja la mfereji, amemnunulia njugu za moto kwenye karatasi, na alikuwa na namna ya kumsikiliza kama vile kila neno lake ni jipya duniani. Mtu akinyimwa maneno na watu wote, sauti moja humtosha kuwa dunia. Mama yake Hetty alipinga. Alisema, huku akikamua mashuka ya watu, kwamba mwanamume anayekuja kuposa na saa mfukoni siku moja atampima mkewe anavyomenya viazi. Mama yake Cyril, aliyekaa kwenye nyumba yenye bustani mbele na vioo vya rangi mlangoni, alipinga kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi. Aliuliza tu kama msichana huyo amezoea kunywea vikombe vyenye visahani. Wazazi wote wawili walishindwa. Ndoa ikatangazwa kanisani.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo Hetty aliketi kwenye stuli yake ya mwisho, akisugua kucha ambazo zilishakuwa safi.

"Unangoja tukubebe?"

Alidhani ameiota sauti hiyo. Nance alikuwa amesimama mlangoni, shali begani, mashavu mekundu kwa baridi. Hetty alisimama, akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Twende basi, bibi harusi," Nance alisema. "Watu wanaganda huko nje."

Katika chumba cha makoti wanawake walikuwa wamepanga safu mbili, na mwisho wa safu, kwenye kigingi chake, lilining'inia koti. Hetty hakulitambua. Lile koti lake kuukuu la bluu, lililofunguliwa pindo mara mbili, lilikuwa limegeuka bustani. Mawaridi mekundu na meupe yalishuka mbele kutoka kolani hadi magotini. Tepe za kijani zilizungushwa mikononi. Vifuniko vya taa vilivyong'arishwa kwa majivu vilining'inia pindoni, na mtu mmoja alipoligusa, likalia lote.

Machozi yalimtoka Hetty bila kujizuia.

"Umeyakata wewe?" alimuuliza Nance.

"Si niliapa?"

"Nance, mimi..."

"Usinililie kwenye karatasi, rangi itachuruzika." Nance akalishika koti, akamfungulia mikono kama mama anayemvika mtoto wa shule. Hetty akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, na Nance akapita mbele yake akamfunga vifungo vyote, cha juu kwa cha chini, bila kumtazama machoni. "Sasa sikiliza. Usigeuke nyuma mpaka umwone bwana harusi. Bibi harusi akigeuka njiani, ndoa nayo hugeuka."

"Hiyo kasema nani?"

"Nimesema mimi."

Wanawake wakacheka, na Hetty akacheka nao. Alikuwa amesahau jinsi kicheko cha watu wengi kinavyopasha mwili joto.

Walitoka getini wakiimba ule wimbo wa mume asiyejua kuvua buti zake, ambao ubeti wake wa tatu hauimbwi mbele ya padri. Hetty alitembea peke yake mbele, vifuniko vikilia kwa kila hatua, na wote walikuwa nyuma yake. Vijana wa kiwanda cha baiskeli walipiga miluzi. Mke wa muuza mboga alitoka dukani kumwona, akampungia mkono, na Hetty alipompita alimsikia akivuta pumzi kwa nguvu na kusema, ona maskini. Hetty alidhani anasikitikia baridi. Mbele ya baa ya kona, mzee mmoja aliyekuwa akivuta kiko alingoja Hetty ampite, kisha akavua kofia yake na kuishika kifuani. Hetty aliiona kofia hiyo kwenye kioo cha dirisha la baa, ikishuka taratibu. Kumbe wazee nao wanawaheshimu maharusi hivi, aliwaza, na moyo ukamjaa.

Akiwa bado anatazama mbele, alimwambia Nance kwamba kesho aje asimame naye kanisani, kama walivyopanga tangu utotoni. Kule nyuma wimbo ulilegea kidogo.

"Kukusindikiza ni leo, shoga," Nance alijibu. "Leo ndiyo nimekusindikiza."

Walipofika karibu na daraja la mfereji, wimbo ulikatika kama uzi. Hetty alisikia viatu vikisita, vikageuka, vikaondoka pamoja. Hakuna aliyesema kwaheri. Alitamani kugeuka, lakini alikumbuka alichoambiwa, na tena Cyril alikuwa pale, ameegemea ukingo wa daraja, kofia mpya kichwani. Wawili hao walikuwa wanakwenda kunywa chai kwa mama yake Cyril, mara ya mwisho kabla ya ndoa.

Cyril alipomwona, uso wake wote ulifunguka. Hilo lazima lisemwe. Hakukuwa na mtu mwingine katika mji mzima aliyeufungua uso wake namna hiyo kwa ajili ya Hetty.

"Mungu wangu," alisema. "Nitaoa duka la maua."

"Wamenisemesha, Cyril. Wote. Nance mwenyewe kanifunga vifungo."

"Nilikwambia watachoka. Zunguka nikuone."

Hetty alinyoosha mikono, akazunguka, vifuniko vikapiga kelele mpaka bata wa mferejini wakaruka. Alifika nusu ya mzunguko, mgongo ukiwa upande wa Cyril, na hapo akasikia kicheko chake kimekoma.

"Simama hivyo hivyo," Cyril alisema. Ilikuwa sauti ya kiwandani, ile ya kuambiwa endelea, usinitazame. Vidole vyake vilishughulika na kitu katikati ya mabega ya Hetty. Pini ikatoka. "Wanawake wa ovyo kabisa."

"Kuna nini?"

"Takataka tu." Mkono wake ulikwisha elekea kwenye maji.

"Nionyeshe."

"Hetty, si kitu cha kukiona leo."

"Nionyeshe, Cyril."

Aliufungua mkono wake. Ilikuwa glavu nyeupe ya pamba, ya mkono wa kulia, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Vidole vyake viwili vya pembeni vilikuwa vimekunjwa kwa ndani na kushonwa bapa, kwa mishono midogo sana, visije vikaning'inia vitupu. Hetty aliijua. Tangu baridi ilipoingia alikuwa akiiona kila Jumapili kanisani, kwenye benchi la mbele yake, imeshika kitabu cha sala.

Alikuwa ameivaa mgongoni kutoka getini mpaka hapa. Kofia ya yule mzee ikamrudia, na pumzi ya mke wa muuza mboga. Akakumbuka mikono ya Nance ikimfunga vifungo, cha juu kwa cha chini, taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza shughuli yake. Na yeye alikuwa akicheka. Mtaa mzima ulimwona akiubeba mkono wa Florrie Gumbley mgongoni huku anacheka.

Cyril akamshika, akamvuta kifuani kwake, mawaridi yakavunjika kati yao. Alimwambia maneno mengi mazuri. Kwamba ni watu wenye wivu. Kwamba kesho usiku watakuwa katika mji wa Leicester, kwenye nyumba yao yenye bomba ndani, ambako amepata kazi katika kiwanda cha soksi, na hatawaona tena maishani. Alimpangusa uso kwa leso yenye harufu ile ile ya sabuni, na Hetty akafumba macho. Laiti Cyril angeishia hapo, pengine leo wangekuwa na wajukuu.

"Na usijilaumu," Cyril alisema, mdomo kwenye nywele zake. "Usingekuwa wewe, angekuwa mwingine. Kila meza huwa na mmoja."

"Mmoja wa nini?"

"Basi tu, mmoja." Akatabasamu, kama mtu anayemwonyesha mkewe mtarajiwa kona moja ya ufundi wake. "Ndivyo tunavyofundishwa. Usimtafute mzoefu, atakudanganya. Usimtafute mwenye nguvu. Mtafute yule ambaye ukimwangalia anatamani kukuonyesha. Ukimpata huyo, umepata mwendo wa kweli."

Hetty alifumbua macho. Karibu na uso wake kulikuwa na waridi moja jeupe lililopondeka.

"Ukanipata mimi."

"Nilikuona siku ile ile. Uliona haya mpaka masikioni."

Alijitoa taratibu mikononi mwake. Chini ya daraja boti la makaa lilikuwa likipita, farasi wake akilivuta kando ya maji, kichwa chini.

"Nataka nikuulize neno, na usinidanganye," alisema. "Siku ile ulinitabasamia kwenye kioo cha taa. Lile tabasamu lilikuwa la kazi, au lilikuwa langu?"

Wanaume wengi wangesema uongo hapo, na wake zao wangelala usingizi. Cyril hakuwa mwongo. Alivua kofia yake mpya, akaizungusha mikononi.

"Lile la kwanza lilikuwa la kazi," alisema. "Mengine yote ni yako, Hetty. Naapa kwa Mungu."

Na ukatili wenyewe ulikuwa huu, kwamba Hetty alimwamini. Aliamini kwamba njugu za moto zilikuwa zake, na jioni zote za darajani, na hata uso ule uliofunguka muda mfupi uliopita. Nyumba nzima ilikuwa yake. Msingi tu ndio haukuwa wake.

"Na huko kwenye soksi," aliuliza, "utamtabasamia nani?"

"Ni kazi, Hetty."

"Najua ni kazi. Nakuuliza utamtabasamia nani."

Boti likapita lote, maji yakafunga nyuma yake.

"Sitamaanisha," Cyril alisema mwishowe.

"Hata mimi hukunimaanisha."

"Sasa unataka nile nini? Nikikataa mimi, kesho watamleta mwingine, mtu asiye na huruma hata kidogo. Mimi angalau sipigi kelele. Mimi angalau..." Alikuwa amepauka, na alionekana mdogo, kama mvulana aliyeitwa na mwalimu bila kujua kosa lake. Hetty alitamani kumshika shavu. Mkono ulianza kuinuka wenyewe, kwa kuwa mikono ya Hetty haijapata kungoja ruhusa, lakini safari hii aliukamata kwa mkono wa pili.

"Kesho usiende kanisani," alimwambia.

"Unasema nini? Mama amekwisha kupamba keki."

"Kuleni."

"Hetty. Nakupenda."

"Najua," alisema, na ni kweli alijua. Akaichukua glavu mkononi mwa Cyril, akaibana kwa pini kifuani, mbele, mahali ambapo angeiona yeye mwenyewe. Kisha akageuka.

Alirudi kwa njia ile ile. Safari hii hapakuwa na wimbo, ila vifuniko tu vikilia, na sauti yao peke yake ilikuwa kama vyombo vya nyumba inayohamwa. Mzee wa kiko alikuwa bado pale mbele ya baa. Hakuvua kofia. Alimtazama Hetty usoni, akaitazama glavu, akampisha njia.

Uani kwao mama yake alikuwa akijaza ndoo bombani. Aliliona koti, akauona uso, akafunga bomba. Alikuwa na maneno ya kusema, aliyoyaweka tayari tangu siku ya posa, na kila mama anajua utamu wa maneno hayo. Aliyameza. Alimwambia tu binti yake kwamba chai ipo jikoni akiitaka, akainua ndoo na kuingia ndani.

Hetty akauvuka ua, akagonga mlango wa akina Gumbley.

Florrie alikuwa ameketi karibu na moto, beseni la viazi sakafuni kati ya miguu, kisu katika mkono wa kushoto. Alikuwa anajifunza upya kumenya. Maganda yalitoka manene, nusu ya kiazi ikienda nayo. Alimtazama Hetty mlangoni, koti lote, na macho yakaishia kifuani.

"Nimeitafuta tangu asubuhi," alisema. "Nikadhani upepo umeitoa kambani."

"Nimeiokota, Anti."

"Glavu haiokotwi na pini yake." Florrie aliweka kisu chini. Alitazama mlango uliokuwa wazi, mahali ambapo bintiye angetokea, na uso wake wa uchovu ukazidi kuchoka. Hakumwombea Nance msamaha. "Na huyo wako yuko wapi?"

"Nimemwacha."

"Kwa ajili yangu?"

Hetty aligusa mishono ya glavu kifuani.

"Maana kama ni kwa ajili yangu, mrudie sasa hivi kabla hajapanda tramu. Vidole havioti kwa kuwa wewe umekosa mume."

Ilikuwa kama kofi, na Hetty alilipokea wima. Kisha akatafuta ndani yake jibu ambalo si la kupendeza mtu.

"Si kwa ajili yako," alisema polepole. "Ni kwa sababu anakwenda kumtabasamia mwingine. Na huyo mwingine naye ana Anti Florrie wake."

Moto ulitatarika. Florrie alimwangalia muda mrefu, kama anavyoangalia kitambaa dukani akitafuta tundu. Kisha akalisukuma beseni kwa mguu mpaka likagusa kiti kingine.

"Funga huo mlango," alisema. "Menya."

Hetty alifungua glavu, akailaza juu ya goti la Florrie. Aliketi na koti lake lote, mawaridi yamepondeka, akachukua kisu. Mikono ikaondoka na kasi yake ya siku zote, ganda likatoka jembamba kama utepe, kiazi cheupe kikaanguka ndani ya sufuria ya maji, kingine kikafuata, kingine. Kabla hajajua, beseni lilikuwa limepungua.

Mlango ukafunguliwa. Nance aliingia akikung'uta baridi kwenye shali, akamwona, akasimama. Kama Hetty alitarajia kuona ushindi usoni pake, hakuuona. Macho yalikuwa mekundu. Alitazama goti la mama yake, akaiona glavu, akatazama pembeni upesi.

"Mama," alisema, "mwambie viazi vikiisha aende kwao."

"Mdomo unao. Mwambie mwenyewe."

Nance aliwapita. Akawapa wote wawili mgongo, akanyoosha mikono juu ya moto. Lakini hakutoka tena nje, na hakupanda ngazi kwenda chumbani. Alisimama pale pale, karibu kiasi kwamba shali lake liligusa mawaridi ya koti.

Hetty alitazama ndani ya beseni. Viazi vilivyobaki havikuwa vingi. Akachukua kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena, kisha kisu kikaanza kwenda polepole, polepole sana, kama mtu anayemvisha nguo mtoto aliyelala.